"Nikuandikie ngapi?"

MASWALI YA WASOMAJI
Anayejibu ni katekista wa kigango, mhasibu mstaafu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Kilimanjaro.

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Shikamoo.

Nina miaka 29. Nafanya kazi ya ununuzi kwenye taasisi moja ndogo ya binafsi hapa Morogoro. Nanunua mahitaji ya ofisi: karatasi, wino wa printa, sukari na majani ya chai, sabuni, wakati mwingine chakula cha semina. Nikifika dukani, muuzaji kabla hajashika kalamu ananiuliza, "Nikuandikie ngapi?" Mwanzoni nilikuwa simwelewi. Siku hizi namjibu bila hata kufikiri. Rimu ya karatasi ya 12,000 inaandikwa 14,000. Haizidi elfu mbili au tatu kwa kitu, hela ya soda na vocha. Walionitangulia wote walifanya hivyo, na bosi mwenyewe nadhani anajua. Mshahara ni mdogo na unachelewa.

Mimi ni mwanakwaya, na jumuiya yetu imenichagua kuwa mwekahazina. Hela ya jumuiya sijawahi kugusa hata shilingi. Jumatatu Kuu nilikuwa kanisani ikasomwa Injili ya Yohane 12, Mariamu anampaka Yesu marhamu miguuni na Yuda analalamika. Padre aliposoma kwamba Yuda alikuwa mwivi, "naye ndiye aliyeshika mfuko", nilihisi watu wote wamegeuka kunitazama. Hakuna aliyegeuka.

Naomba unisaidie. Hii ni dhambi nyepesi tu, au natakiwa kwenda kitubio? Kama Yesu alijua, kwa nini alimwachia Yuda mfuko? Na nikiacha, zile nilizokwisha kula nizitoe sadaka yaishe? Uwekahazina nao niuache?

Mwanakwaya, Morogoro

JIBU

Milele na milele, amina. Marahaba, mwanangu.

Hilo swali la muuzaji nimelicheka kidogo kabla sijasikitika. Katika Luka 16 yumo wakili, yaani msimamizi wa mali ya tajiri, aliyekuwa karibu kufukuzwa kazi. Akawaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja. Wa vipimo mia vya mafuta akamwambia, "Twaa hati yako, keti upesi, andika hamsini." Wa makanda mia ya ngano akaambiwa aandike themanini. Huyo alikuwa anapunguza, ninyi mnaongeza, lakini karatasi ni ile ile na haraka ni ile ile. Katika sura hiyo hiyo, mstari wa 10, Bwana anasema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Tunaukariri sana mstari huo kwenye semina, na tunasahau kwamba umekaa jirani na hati zilizochezewa.

Ila wewe umeguswa na Yohane 12, basi tukae huko.

Kila Juma Kuu wahubiri wetu humcharaza Yuda mpaka unadhani alizaliwa na pembe. Soma tena, polepole. Ni Bethania, siku sita kabla ya Pasaka. Lazaro aliyefufuliwa yumo mezani, Martha anahudumia. Mariamu analeta ratli ya marhamu ya nardo safi, yaani kama theluthi ya kilo hivi, anampaka Yesu miguu na kuifuta kwa nywele zake. Nyumba inajaa harufu. Yuda anataja bei: dinari mia tatu. Wale vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20 walipatana dinari moja kwa siku. Ondoa Sabato na sikukuu, mia tatu ni ujira wa karibu mwaka mzima. Hakwenda sokoni kuuliza. Bei alikuwa nayo kichwani, mnunuzi mzoefu.

Halafu angalia anavyosema. Hasemi ingeuzwa hela nikae nazo mimi. Anasema maskini. Nani atabisha, mezani pa Yesu, mtu akiwataja maskini? Katika Mathayo na Marko wenzake nao wananung'unika vivyo hivyo, tena bila hila. Mwizi amepata waungaji mkono waaminifu kabisa. Hapo ndipo mimi ninapoona ubaya wa wizi mdogo, mwanangu. Elfu mbili haitaifilisi taasisi yenu. Lakini mtu hawezi kuichukua kila wiki bila kujitungia maneno ya kuilinda, na maneno hayo sharti yawe mazuri, kwa sababu mabaya hayamtulizi. Barua yako ni fupi na inayo manne: ni hela ya soda, wote hufanya, bosi anajua, mshahara unachelewa. Yuda alikuwa na moja, nalo lilimtosha.

Nikupe niliyoyaona kwa macho. Chama chetu cha msingi kilikuwa na karani wa mizani, kijana mcheshi, mtu wa kanisa, harusi zote za kijiji yeye ndiye mshereheshaji. Kila mzigo wa kahawa alioupima alipunguza nusu kilo. Ukimuuliza anakujibu, "Unyevu." Yaani kahawa haijakauka sawasawa, ikifika kiwandani itapungua uzito, chama kitabeba hasara. Lilikuwa jibu la kitaalamu, na lina ukweli wake, kwa kuwa kahawa yenye maji kweli hupungua. Shida ni kwamba unyevu wa kweli hutofautiana mkulima na mkulima. Wa kwake ulikuwa nusu kilo kwa kila mtu, jua liwake au mvua inyeshe. Zile nusu kilo zilikuwa zinaingia kwenye kitabu kwa jina la shemeji yake, ambaye hakuwa na mbuni hata mmoja.

Siku moja akaja bibi na kiroba chake kichwani. Alikuwa amepitia buchani kukipima kwanza. Karani akapima, akasoma, akaandika. Bibi akaomba asomewe tena. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, kahawa yangu imekaukia njiani? Maana kutoka kwangu mpaka hapa navuka mfereji mmoja tu." Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani naye akacheka, akafuta, akaandika upya. Na aliyefuata kwenye foleni akapunguziwa nusu kilo yake kama kawaida. Hicho ndicho kilichonishangaza kuliko wizi wenyewe. Hakuona aibu, kwa sababu alikuwa ameshauamini unyevu wake.

Sasa maswali yako. Kanisa linatofautisha dhambi ya mauti na dhambi nyepesi, na tofauti hiyo ni ya kweli. Uzito wa wizi hutazamwa kwa kilichochukuliwa na kwa aliyechukuliwa: elfu mbili ya taasisi si sawa na elfu mbili ya mama muuza vitumbua. Elfu mbili moja, haya, ni nyepesi. Ila wewe huna elfu mbili moja. Wizi mdogo unaorudiwa kwa kusudi, kutoka kwa mwenye mali yule yule, walimu wa maadili wa Kanisa huujumlisha. Anayemaliza gunia kwa kijiko amemaliza gunia. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1863, inafundisha kwamba dhambi nyepesi ya makusudi isiyotubiwa hututayarisha kidogo kidogo kutenda dhambi ya mauti. Inamleta na Mtakatifu Augustino, anayewaambia wanaozidharau dhambi hizo kwamba wakizipima wanaziona nyepesi, basi wajaribu kuzihesabu, watatetemeka. Mtu wa risiti kama wewe hawezi kusema kuhesabu hajui.

Kwa hiyo kitubio nenda. Na ukifika usiseme "sikuwa mwaminifu kazini", maana padre hatajua kama ulichelewa kuripoti au uliiba. Sema, "Naongeza bei kwenye risiti na tofauti naichukua mimi." Ni sentensi ngumu kuitoa. Ikishatoka, ile ya hela ya soda hutaisema tena kwa raha.

Kwa nini Yesu alimwachia Yuda mfuko? Injili haisemi sababu, nami sitaitunga. Kwamba alijua ni nani atakayemsaliti, Yohane 6:64 iko wazi. Wenzake ndio hawakujua. Tafuta Yohane 13:29 uisome kwa jicho la mtu wa ununuzi. Ni usiku wa mwisho, Yuda anatoka nje gizani, na baadhi ya wanafunzi wanadhani ametumwa kununua vitu vya sikukuu, au kuwapa maskini kitu. Mpaka saa ile hakuna aliyemshuku! Ile sentensi ya mwivi unayoisikia Jumatatu Kuu Yohane aliiandika baadaye, mambo yakiwa yamekwisha kujulikana. Mezani Bethania Yuda alikuwa mtunza fedha anayejali maskini.

Na yule aliyejua hakumfichua kwa wengine juu ya ule mfuko. Alimwosha miguu pamoja na wenzake, akampa tonge. Kwa hiyo unaponiambia bosi "nadhani anajua", nakujibu kwamba kujua kwake, hata kama kupo, hakukupi ruhusa yoyote. Pengine ananyamaza kwa uvivu, pengine na yeye ana yake. Hilo ni lake.

Tena jiulize zile fedha za mfuko zilitoka wapi. Luka 8:3 inamtaja Yoana mkewe Kuza, wakili wa Herode, na Susana, na wanawake wengine wengi waliowahudumia kwa mali zao. Yuda alikuwa anachota michango ya akina mama. Wewe ni mwekahazina, unaijua michango hiyo inavyofika: noti ya elfu moja iliyokunjwa mara nne, inafunguliwa kutoka kwenye pindo la khanga, bado ina joto. Ndiyo maana hujaigusa. Umemwona mwenye nayo. Taasisi haina khanga, ndiyo maana imekuwa rahisi. Lakini na hiyo ina wenyewe: wapo wanaolipa ada, wapo wenzako wa ofisini wanaoambiwa fungu limekwisha.

La mshahara silipuuzi hata kidogo. Anayechelewesha ujira wa mtu ana dhambi yake, na Yakobo 5:4 ni onyo lake. Dai haki yako kwa maandishi, kwa tarehe, tena wewe na wenzako pamoja. Usijilipe gizani, kwa sababu siku utakapotaka kusimama kudai utakuwa unaogopa mtu asifungue faili la risiti.

Nina swali na mimi. Nauli unapewa? Nauliza kwa kuwa katika ofisi nyingi cha juu kilianzia hapo. Mtu anatumwa mjini, bodaboda kwenda na kurudi analipa mwenyewe, fungu la nauli halipo, basi anaificha ndani ya bei ya sukari. Kama kwako ni hivyo, sehemu hiyo hukuiba, ila umeiandikia uongo. Iandike kwa jina lake: nauli, tarehe, kiasi, saini. Wakikataa kulipa, mtabishana juu ya jambo lililo mezani, na hapo hata mimi nitakuwa upande wako.

Namna ya kuacha ni hii. Usingoje kuulizwa. Ukifika kaunta, hata kabla hujataja unachotaka, sema, "Naomba risiti ya mashine, kwa bei yenyewe." Kwenye kitabu cha risiti za mkono muuzaji anaandika lolote, haimgharimu kitu. Kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kila anachobonyeza kinahesabika TRA, mamlaka ya mapato, kuwa mauzo yake, na sijapata kumwona mfanyabiashara anayefurahia kodi ya hela ambazo hakuzipata. Ule wito wa "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" watu wanaufanyia utani, lakini kwa mtu aliye katika hali yako ni kinga. Muuzaji atakutazama. Atasema, "Dada, leo vipi, tumekukosea?" Mara ya kwanza utaona haya, kana kwamba unayefanya vibaya ni wewe. Vumilia. Akizoea hatauliza tena. Asipozoea, Morogoro ina maduka mengi ya vifaa vya ofisi.

Halafu jiandae kwa mwisho wa mwezi. Ile hela ilikuwa imeshaingia kwenye bajeti yako bila wewe kuiandika, na itakapokosekana utaisikia. Kishawishi kitakuja kikiwa kimeshika kadi ya mchango wa harusi ya binamu, na kamati imekupangia ahadi usiyoiweza. Punguza ahadi. Harusi itafungwa tu.

Kuhusu kuzitoa sadaka: hapana. Hapa sina maneno laini. Huwezi kumtolea Mungu hela ya mtu mwingine ukarudi nyumbani na amani. Mtazame Zakayo, Luka 19:8, nawe msome kama mhasibu. Nusu ya mali yake anawapa maskini. Na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, anamrudishia huyo mtu, mara nne. Ni malipo mawili na wapokeaji wawili. Hakusema nimewapa maskini nusu, basi niliowatoza zaidi tumalizane. Sheria ya Walawi 6 ilidai pungufu ya hapo, kiasi chenyewe na sehemu ya tano juu yake, ila nayo inasema apewe mwenye mali. Ukiitumbukiza kwenye kapu la sadaka utakuwa umerudi kule kule Bethania, unawatumia maskini kufunika mfuko.

Kurudisha si lazima ujitangaze. Kanisa linadai mwenye mali apate mali yake. Halikulazimishi ujishtaki kwa bosi na kupoteza kazi, ingawa ukipata moyo wa kumwambia sitakuzuia. Kaa chini na kalamu, kadiria kwa ukweli. Ukisitasita kati ya namba mbili, shika kubwa. Kisha kila mwezi nunua sukari, majani ya chai au sabuni ya ofisi kwa hela ya mfukoni mwako, ipeleke itumike, usidai. Bajeti yao imepona kiasi hicho, na hakuna karatasi iliyodanganywa. Endelea mpaka hesabu ifungwe. Kiasi na muda zungumza na padre wako huko huko kwenye kitubio. Yeye ana mamlaka nisiyokuwa nayo mimi.

Uwekahazina usiuache. Ila jumuiya itakapokutana tena, pendekeza mchango uhesabiwe na watu wawili, usomwe kwa sauti, na wote wawili watie saini kwenye daftari kabla haujaingia kwenye mkoba wako. Sababu huna haja ya kueleza. Huo ni utaratibu wa kawaida, ulipaswa kuwapo tangu mwanzo, na mfuko wa Yuda haukuwa nao.

SWALI

Bwana asifiwe, Mama. Mimi ni fundi wa kushona, Nairobi. Mteja akipiga simu kuuliza nguo yake namwambia, "Iko tayari, imebaki tu kupigwa pasi", na kitambaa bado hata sijakikata. Mafundi wote husema hivyo, na wateja wanajua. Je, hiyo nayo ni dhambi?

Fundi, Nairobi

JIBU

Amina, fundi. Nilingoja gauni la Krismasi lililokuwa "linapigwa pasi" mpaka mwezi wa Januari, kwa hiyo usinitegemee kuwa mwamuzi asiye na upande.

Ndiyo, ni uongo. Mathayo 5:37 haikuacha nafasi ya mafundi: ndiyo yenu iwe ndiyo, na siyo iwe siyo. Unasema wateja wanajua. Wangekuwa wanajua wasingepanda matatu mara tatu kuja dukani kwako na kurudi mikono mitupu. Unayemdanganya ni yule mgeni asiyekujua bado, au yule ambaye sherehe yake ni kesho.

Nadhani unaahidi upesi kwa sababu unaogopa atapeleka kitambaa kwa fundi jirani. Wengine watapeleka, kweli. Chukua kazi unazoziweza wiki hiyo, andika siku ya kuchukua kwenye karatasi na umpe mteja nusu yake. Ukiona hutaifikia siku hiyo, mpigie wewe kabla hajakupigia yeye. Na huyo ambaye kitambaa chake hakijakatwa, mpigie leo.